Somo la Gari la Kikundi: Diski za Breki



Kikundi kikinunua pikapu, mambo ya kwanza ambayo wanachama hujifunza ni mafuta, tairi na bima. Hayo yanaonekana. Mafuta yakiisha gari linasimama, tairi ikipasuka kila mtu anasikia, na bima ikimalizika askari wa barabarani atawakumbusha. Lakini diski za breki zimejificha ndani ya gurudumu. Zinaliwa polepole kama jiwe la kunolea visu, na hakuna anayeziuliza hali mpaka siku gari limejaa magunia ya viazi na barabara inateremka.

Somo hili ni la diski. Mengine ya breki tutayagusa pale tu yanapoihusu diski. Tena si somo la dereva na fundi peke yao. Mweka hazina naye alisome, kwa maana yeye ndiye hutoa au hukataa pesa ya spea. Mwenyekiti alisome pia, kwa maana yeye ndiye huamua gari litoke kesho asubuhi au lisitoke.

Diski ni kitu gani

Kila mtu kijijini anajua breki ya baiskeli. Ukibana mkono, vipande viwili vya mpira vinaukumbatia mduara wa gurudumu na baiskeli inasimama. Breki ya diski ya gari ni wazo lilo hilo. Diski ni sahani nene ya chuma cha kalibu, imefungwa pamoja na gurudumu na inazunguka nalo. Kando yake kuna kalipa, ambayo haizunguki. Ndani ya kalipa mna padi mbili, moja upande huu wa diski na nyingine upande ule. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukumwa kwenye paipu, yanasukuma pistoni ya kalipa, na padi zinaibana diski pande zote mbili. Ukitaka kuona kwa macho bila kufungua gari, tafuta pikipiki yenye diski gurudumu la mbele. Yote yako wazi pale, diski, kalipa na padi.

Wazo hili si geni. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha uvumbuzi wa breki ya diski mwaka 1902, lakini ilichukua nusu karne watu kuliamini. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans kule Ufaransa, na baada ya hapo viwanda vingine vikafuata. Siku hizi pikapu na matatu nyingi za hapa kwetu zina diski mbele na dramu nyuma. Mbele ndiko kwenye kazi kubwa, kwa sababu gari likishikwa breki uzito wake hulalia mbele. Nyinyi wenyewe mkiwa mmesimama ndani ya matatu mnalijua hilo.

Diski ni za aina mbili. Kuna ile ya sahani moja tu, na kuna ile ya sahani mbili zilizounganishwa na mbavu ndogo katikati, zikiacha mianya ya kupitisha hewa. Gari la mzigo kwa kawaida lina hii ya pili mbele. Ikumbukeni hiyo mianya, tutairudia.

Kwa nini diski inapata moto

Watu husema breki inasimamisha gari. Ni kweli, lakini mwendo ule haupotei. Unageuka kuwa moto, na mahali unapoingia ni kwenye diski. Kwa hivyo ni sawa kuifikiria diski kama sufuria ya kupokea moto na kuutoa kwa hewa. Sufuria nene inapokea moto mwingi bila kuungua. Sufuria iliyoliwa ikawa nyembamba inakuwa nyekundu mara moja.

Hebu tupige hesabu pamoja. Wenzetu wanaotoka Iten kupitia Tambach kwenda Kabarnet wanateremka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika chini Bonde la Kerio. Tuseme pikapu pamoja na mzigo wake ni kilo 2,000. Katika kushuka mita 1,000, nguvu inayotakiwa kumezwa inatosha kuchukua maji ya nyuzi 20 na kuyachemsha, lita 58. Hayo ni madebe matatu kasoro kidogo! Ikiwa dereva ametegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya moto huo itaingia katika diski mbili za mbele, vyuma viwili ambavyo ukivishika pamoja unaweza kuvibeba mkononi. Akitumia gia ndogo, injini inabeba sehemu nzuri ya kazi hiyo na moto unatokea huko mbele kwenye rejeta na ekzosi.

Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaotoka Wundanyi kushuka Mwatate na mboga, kwa wanaotoka Limuru kwenda Mai Mahiu, na kwa wanaovuka mto Nithi katika barabara ya Embu na Meru, mahali ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mtu anayeishi tambarare anaweza kukaa na diski mbovu muda mrefu asijue. Mlima haukupi muda huo.

Na mwendo pia una hesabu yake. Gari likienda kilomita 80 kwa saa halina moto mara mbili ya lile la kilomita 40. Lina mara nne. Dereva anayesema "nimeongeza kidogo tu" ajue kwamba diski zinaona tofauti.

Moto ukizidi, mambo mawili hutokea, na dereva aweze kuyatenganisha kwa mguu wake. La kwanza, padi zikipata moto kupita kiasi huteleza juu ya diski. Pedali inakuwa ngumu vile vile lakini gari halishiki. La pili, mafuta ya breki yanachemka. Haya mafuta hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki mpaka angalau nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka, mapovu yanaingia kwenye paipu, na pedali inazama mpaka chini kama umekanyaga sifongo. Ndiyo maana tunashauri mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, hata kama yanaonekana yamejaa. Kujaa si uzima.

Nambari iliyoandikwa kwenye diski

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo tungetaka kila kikundi kilishike, hata mkisahau mengine yote. Kila diski inaliwa, na kila diski ina kipimo ambacho ikifika hapo haifai tena. Kipimo hicho kwa kawaida kimepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, ama ukingoni ama katikati karibu na matundu ya nati. Mtaona herufi kama MIN TH halafu nambari, kwa mfano 20 mm. Maana yake ni kwamba unene wa diski ukishuka chini ya milimita 20, hiyo diski imekufa. Mara nyingi tofauti kati ya diski mpya na diski iliyokufa ni milimita 2 hivi tu. Ndio unene wa sarafu! Kutu ikiwa imeficha maandishi, sugueni na brashi ya waya mpaka yaonekane. Yasipopatikana kabisa, muulizeni muuzaji wa spea wa gari la aina hiyo awatolee kipimo katika kitabu chake.

Padi watu wanazijua, kwa sababu zikiisha zinapiga kelele. Padi nyingi zina kichuma kidogo kinachoanza kulia kama panya zikikaribia kwisha. Diski haina kengele. Inawezekana kabisa gari likabadilishiwa padi mara tatu au nne, kila mara fundi akisema "breki ni mpya," kumbe padi mpya zinaibana diski ambayo imebaki kama kaki. Diski nyembamba inapata moto haraka, inapasuka nyufa, na pistoni ya kalipa inatoka mbali kuliko ilivyokusudiwa. Padi mpya haiwezi kuirudishia diski unene wake.

Kupima si kazi ngumu. Kinachotakiwa ni kipimo cha venia, kile cha kuteleza chenye meno mawili, na fundi yeyote wa mashine ya lethi anacho. Gurudumu likishatolewa, pimeni mahali panne au zaidi kuzunguka diski, ndani kidogo kutoka ukingoni, kama sentimita moja. Lakini kuna mtego hapa. Padi hazifiki mpaka ukingo wa mwisho, kwa hivyo ukingo haujaliwa na umebaki umesimama kama ukuta mdogo. Ukiupitisha ukucha utausikia. Meno ya venia yakilalia huo ukuta, mtasoma unene wa diski ya zamani, siyo hii mliyo nayo. Dawa yake ni rahisi. Chukueni sarafu mbili za aina moja, mzipime kwanza zikiwa pamoja. Kisha wekeni moja kila upande wa diski, ndani ya ukuta ule, mpime yote kwa pamoja, halafu mtoe unene wa sarafu. Kilichobaki ndio unene wa kweli. Chukueni nambari ndogo kuliko zote mlizopata, siyo ile inayowapendeza.

Andikeni nambari hizo kwenye daftari la gari, diski ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake, pamoja na tarehe na kilomita. Kikundi kinachoandika kila shilingi ya mchango hakiwezi kushindwa kuandika milimita mbili. Baada ya vipimo viwili au vitatu mtaona wenyewe diski inaliwa kwa kasi gani, na mweka hazina anaweza kuanza kuweka pesa kando mapema badala ya kuchangisha watu gari likiwa limesimama.

Mkiwa hapo hapo, tazameni uso wa diski kwa macho. Mikwaruzo midogo kama mistari ya sahani ya santuri ni ya kawaida. Mifereji ambayo ukucha unanasa ndani si ya kawaida. Madoa ya bluu yanaonyesha chuma kilipata moto mwingi. Nyufa ndogo za nywele zinataka kuangaliwa na fundi mwenye ujuzi, na ufa uliofika ukingoni ni mwisho wa mjadala. Gari lisitoke. Kutu ya rangi ya machungwa baada ya usiku wa mvua isiwatishe, inafutika dereva akishika breki mara mbili tatu.

"Diski imepinda"

Hilo ndilo neno ambalo fundi wengi hulitoa gari likitetemeka. Dereva anasema, "Nikishika breki stelingi inacheza, na pedali inanipiga mguuni." Fundi anajibu, "Diski imepinda, leta pesa ya diski." Wakati mwingine ni kweli imefika mwisho. Lakini mara nyingi diski haijapinda kama ubao uliolowa. Tatizo ni kwamba unene wake hautoshani pande zote. Tofauti ya kama milimita 0.02, ambayo jicho haliwezi kuiona, inatosha kuufanya mguu usikie.

Hiyo tofauti inatoka wapi? Mara nyingine dereva ameteremka na moto, amefika chini, akasimama na kuendelea kukanyaga pedali kwa nguvu. Padi zenye moto zinaacha alama yake pale pale kama chapati iliyoshika kwenye kikaango. Lakini kuna chanzo kingine ambacho kimewatoa watu wengi pesa bure. Nyuma ya diski, pale inapokaa juu ya hubu, hujijenga kutu na matope. Fundi mwenye haraka hufunga diski mpya juu ya uchafu huo. Sasa diski inazunguka ikiyumba kidogo sana, inagusa padi upande mmoja kila mzunguko hata dereva akiwa hajashika breki, na baada ya kilomita elfu kadhaa pale inapogusa pameliwa zaidi. Gari linaanza kutetemeka. Kikundi kinalaumu diski, kinanunua nyingine, na inafungwa juu ya kutu ile ile! Kwa hiyo, diski ikitolewa, hubu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ni kazi ya dakika kumi.

Nati za gurudumu nazo zina makosa yake. Zikikazwa moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, tena kwa bomba refu na kijana wa kuliruka, diski inavutwa upande. Zikazwe kwa kuvuka, moja ya huku kisha ya ng'ambo yake, kidogo kidogo kwa raundi mbili au tatu, na za mwisho gari likiwa chini.

Kuna pia habari ya kuskim, yaani kupeleka diski kwenye mashine ya lethi ikanyolewa mpaka uso uwe sawa. Sisi hatuipingi. Diski ambayo bado ni nene inaweza kunyolewa na ikafanya kazi vizuri. Lakini kunyoa ni kupunguza unene, tena pande zote mbili. Robo tatu ya milimita kila upande ni milimita moja na nusu imekwenda, na tumesema mwanzo mlikuwa na kama mbili tu. Kwa hiyo pimeni kabla ya kuskim, pigeni hesabu ya kitakachobaki, na mpime tena ikirudi. Fundi wa lethi hulipwa kwa kunyoa. Hakuna anayemlipa kwa kukataa.

Mwangalieni fundi akifanya kazi

Hatusemi kila kikundi kijifungulie breki chenyewe. Kazi ya breki ifanywe na fundi anayejua. Lakini mwanachama mmoja awepo, asimame pale, aangalie. Fundi mzuri wa jua kali hachukii kuangaliwa.

Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe, na likishainuliwa kwa jeki liwekwe stendi ya chuma. Jeki peke yake haiaminiki hata dakika moja. Vumbi jeusi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu padi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowesheni maji mlifute kwa kitambaa. Kalipa ikitolewa isiachwe ikining'inia kwa mpira wake wa mafuta. Ifungwe kwa waya juu.

Halafu tazameni padi mbili za gurudumu moja. Zinatakiwa ziwe zimeliwa karibu sawa. Kama moja imebaki nene na nyingine imefika chumani, shida haiko kwenye padi. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka au zimeshika kutu, au pistoni haitaki kurudi. Breki ya hapo haiachii vizuri, diski inasuguliwa njia nzima, inapata moto bure na mafuta ya petroli yanaliwa zaidi. Pini zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki inayovumilia moto. Grisi ya kawaida ya beringi inayeyuka na kutiririkia kwenye diski, na diski yenye grisi ni sawa na kutokuwa nayo. Kwa njia, dereva anaweza kuligundua hili bila spana. Baada ya safari apitishe kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma. Likiwa moja lina moto sana kuliko mwenzake wa upande wa pili, afungue maneno na fundi.

Diski hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto. Mkibadilisha moja, gari litavuta upande siku ya mvua, na hiyo ndiyo siku mbaya ya kuvutwa. Mkinunua, iwe ni Kirinyaga Road kule Nairobi au duka la mjini kwenu, nendeni na diski ya zamani mkononi na venia mfukoni. Diski iliyotumika kutoka ng'ambo inaweza kuwa nzuri, lakini ipimwe pale pale juu ya kaunta, kabla pesa haijabadilisha mikono. Tumeona diski ya namna hiyo ikiuzwa kwa bei nzuri wakati ilikuwa imebakiza chini ya nusu milimita.

Diski mpya kabisa huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshwe yote kabla ya kufungwa. Na kuna jambo moja la mwisho kwa fundi ambalo limewahi kuvunja kuta za gereji nyingi. Padi mpya zikifungwa, pistoni zimerudishwa ndani, kwa hiyo mara ya kwanza pedali inazama mpaka chini bila kushika chochote. Kabla gari halijasogea hata futi moja, dereva akanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha aangalie kiasi cha mafuta ya breki.

Siku za kwanza diski na padi mpya zinahitaji kuzoeana. Kwenye barabara isiyo na watu, endeni kilomita 50 kwa saa, shikeni breki taratibu mpaka kama 10, achieni, endeni kidogo zipoe, rudieni mara kumi hivi. Msiende siku hiyo hiyo kujaribu mteremko mkubwa na gari limejaa.

Kwa upande wa dereva

Sheria ya wazee wa barabara bado ni nzuri. Teremka kwa gia ile ambayo ungepandia. Dereva aingize gia ndogo juu kabla mteremko haujaanza, siyo katikati. Gari la gia za kujibadilisha lina herufi L au nambari 2 kwa kazi hiyo. Kisha breki ishikwe kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiwa, ili hewa ipate kuipoza. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia kutoka juu mpaka chini ndiko kunakopika diski.

Wengine huweka fri wakiteremka ili kuokoa mafuta, na wengine huzima injini kabisa. Gari lenye mfumo wa sindano za mafuta, na mengi ya sasa ni hayo, hukata mafuta lenyewe likiteremka ndani ya gia, kwa hiyo fri haiokoi kitu. Injini ikizimwa hali ni mbaya zaidi. Ule msaada unaofanya pedali kuwa nyepesi hutoka kwenye injini. Baada ya kukanyaga mara mbili au tatu unakwisha, na dereva anabaki na mguu wake tu dhidi ya tani mbili.

Tukumbuke pia ile mianya. Udongo mweusi ukijaa kati ya mbavu za diski na kukauka, hewa haipiti, na diski inakuwa kama mtu aliyevaa makoti mawili juani. Baada ya msimu wa mvua, gari lioshwe kwa ndani ya magurudumu pia. Lakini lisioshwe mara tu limefika kutoka mteremkoni. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, kama chungu. Na mkivuka maji, shikeni breki kwa wepesi mara chache ng'ambo ili zikauke kabla hamjazihitaji.

Zoezi la kikundi

Magari ya biashara hupelekwa ukaguzi wa NTSA kila mwaka. Hiyo ni siku moja kati ya siku 365. Kikundi kijiwekee siku zake, tungesema kila padi zinapobadilishwa au kila miezi sita, kutegemea milima ya kwenu. Kabla ya hapo, fanyeni zoezi hili mkiwa mmekaa pamoja, na mweka hazina ndiye ashike chaki.

Diski za pikapu ya kikundi zilikuwa milimita 22 zikiwa mpya, na zimeandikwa MIN TH 20 mm. Gari linatetemeka. Mmepima mahali panne. Ya kulia ni 20.9, 20.9, 20.8 na 20.9. Ya kushoto ni 20.4, 20.3, 20.4 na 20.4. Fundi anasema ataziskim zote mbili, milimita 0.3 kila upande, kwa bei ambayo ni ndogo kuliko ya diski mpya. Je, mkubali? Kwa nini? Na je, kuna swali jingine ambalo mnapaswa kumuuliza fundi?

Msisome mbele kabla hamjajadiliana. Kuskim kutaondoa milimita 0.6 kwa kila diski. Ya kulia itabaki 20.2, ambayo inakubalika lakini haitakaa sana. Ya kushoto itabaki 19.7, na hiyo ni chini ya kipimo. Kwa hiyo kuskim hapa ni kulipia diski moja iliyokufa na nyingine inayokaribia kufa. Nunueni mpya mbili, pamoja na padi mpya. Swali jingine ni hili: kwa nini ya kushoto imeliwa zaidi ya ile ya kulia, wakati zilifungwa siku moja? Kabla diski mpya haijafungwa upande huo, fundi atoe pini za kalipa na awaonyeshe kama zinateleza.